Mkia wa Neno Kubwa



Muhula uliopita nilishinda katika mdahalo wetu wa Jumamosi, na tangu siku ile ushindi wenyewe wanisumbua. Nataka kueleza kwa nini, maana jambo lililonipata mimi laweza kumpata kila asemaye mbele ya watu, na chanzo chake ni silabi ndogo iliyo mwishoni mwa neno.

Hoja ilikuwa juu ya zamu za kazi. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwao ni mbali sana na shule, alisimama akasema kwamba wavulana wa lugha moja ndio wapewao zamu ya kugawa chakula jikoni, na wenzao hupewa vyoo na kuchota maji. Alisema kwa Kiingereza cha kusitasita, na karatasi aliyoishika ilikuwa ikitetemeka. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa pili. Sikumwuliza karatasi ile ina nini. Nilisimama nikatamka kwamba maneno yake ni "tribalism", yaani ukabila, na ukabila hauna nafasi katika shule ya Kikristo. Watu walipiga makofi na kugonga meza. Mvulana akakaa. Kura zikapigwa, tukashinda.

Jumatatu yake nilipita mbele ya ubao wa matangazo, nikasimama kusoma orodha za zamu za majuma manne. Nilihesabu mara mbili. Jikoni yalikuwako majina kumi na mawili, na kumi kati yao yalikuwa ya wavulana wasemao lugha moja. Lugha hiyo ndiyo lugha ya mama yangu, na jina langu lilikuwa la tatu.

Basi yule mvulana alikuwa ameleta hesabu, nami nilimjibu kwa neno. Tena nilimjibu kwa neno ambalo lilistahili kuulizwa juu yetu sisi kabla ya kuulizwa juu yake. Nikaanza kujiuliza neno hili lilipata wapi nguvu ya kumfunga mtu kinywa upesi hivyo. Nilikwenda maktabani, nikasoma siku nyingi, na niliyoyapata nayaleta kwenu.

Nguvu ya maneno ya namna hii iko mkiani. Wanasarufi huuita mkia huo kiambishi tamati. Waingereza huandika -ism, Wafaransa na Waholanzi huandika -isme, Wajerumani -ismus, Waitalia, Wahispania na Wareno -ismo, Warusi na Wapolandi -izm. Hata Wafini husema -ismi na Wahungari -izmus, ingawa lugha zao hazina undugu na lugha hizo nyingine. Ukiujua mkia huu, waweza kufungua gazeti la nchi yoyote ya Ulaya usiyoijua lugha yake, ukatambua papo hapo maneno makubwa ya siasa na dini. Ni viambishi vichache vilivyosafiri mbali namna hii.

Asili yake ni Kiyunani. Wayunani walikuwa na vitenzi vingi vilivyoishia kwa -izein, na kutokana na vitenzi hivyo waliunda majina yaliyoishia kwa -ismos. Baptein ni kuchovya. Baptizein ni kuzamisha au kuosha kwa kuchovya. Na kitendo chenyewe kikaitwa baptismos. Ostrakon ni kigae cha chungu. Watu wa Athene, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, waliweza kumfukuza mtu mjini kwa miaka kumi kwa kuandika jina lake juu ya vigae na kuvihesabu. Kuandika hivyo kuliitwa ostrakizein, na tendo lenyewe ostrakismos. Nawaomba mwangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa hoja yangu yote yasimama juu yake: mwanzoni mkia huu ulishikamana na kitenzi. Nyuma ya kila -ismos alikuwako mtu aliyefanya kitu.

Lakini vitenzi vile vya -izein vilikuwa na kazi nyingine pia. Vilieleza kufuata desturi ya watu fulani, au kusema kama wao, au kuwa upande wao. Kusema Kiyunani vibaya kama mgeni kuliitwa barbarizein. Na baada ya vita vya Uajemi lilitumika neno la hatari zaidi, medizein, yaani kuwa upande wa Wamedi, wale ambao sisi twawajua katika kitabu cha Danieli pamoja na Waajemi. Kosa hilo likaitwa medismos. Kwa hiyo miaka ipatayo 2,500 iliyopita, mkia huu ulikuwa tayari umejifunza kazi ya kushtaki.

Watu wawili wakubwa walishtakiwa kwa neno hilo. Wa kwanza ni Pausanias wa Sparta, aliyewaongoza Wayunani kuwashinda Waajemi huko Plataia mwaka 479 kabla ya Kristo. Mwanahistoria Thukidides asimulia kwamba wakubwa wa Sparta walimshuku kwa muda mrefu, lakini hawakutaka kumhukumu raia wao pasipo ushahidi usiokanika. Hata walipoletewa barua yake aliyomwandikia mfalme wa Uajemi, walijificha nyuma ya ukuta wa kibanda wakamsikia kwa masikio yao akizungumza na mjumbe wake. Ndipo walipokwenda kumkamata. Alikimbilia katika nyumba ya hekalu, wakaziba milango kwa ukuta, akatolewa karibu kufa kwa njaa. Adhabu ilikuwa kali, lakini angalieni: lile neno lilingoja tendo.

Wa pili ni Themistokles wa Athene, ambaye akili yake ndiyo iliyowaokoa Wayunani katika vita vya majini vya Salamis mwaka 480. Kwanza wananchi wake walimfukuza kwa vigae. Kisha, akiwa uhamishoni, Wasparta walipeleka habari kwamba yeye naye ana hatia ya medismos. Hakungoja hukumu. Alikimbia nchi baada ya nchi, na mwisho alijikuta mbele ya mfalme wa Uajemi, akampokea na kumpa mji wa Magnesia, ulioko upande wa magharibi wa nchi iitwayo leo Uturuki, uwe chakula chake. Thukidides hasemi kwamba Themistokles alikuwa msaliti kabla ya kukimbia. Lakini alipokwisha kupewa lile jina, hakubakiwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwa hao Wamedi aliodaiwa kuwapenda. Nadhani jambo la namna hii hutokea hata shuleni. Mwite mvulana mkaidi kila siku, naye atatafuta rafiki miongoni mwa wakaidi.

Sasa msidhani kwamba mkia huu ni wa kulaumu tu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichoandikwa kwa Kiyunani, twakuta neno ioudaismos kwa maana ya kushika njia ya Wayahudi, na kinyume chake hellenismos, yaani kufuata mambo ya Kiyunani. Neno la kwanza ni la heshima kwa mwandishi yule, na watu walikubali kufa kwa ajili yake. La pili kwake ni la aibu. Mkia ni uleule katika yote mawili. Mtume Paulo naye alitumia neno ioudaismos alipowaeleza Wagalatia habari za maisha yake ya kwanza.

Na jina la dini yetu lilikuja kwa njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignatio, askofu wa Antiokia, alikuwa akipelekwa Roma na askari ili auawe. Njiani aliwaandikia Wakristo wa miji mbalimbali. Katika barua zake twakuta kwa mara ya kwanza, kadiri ya maandiko yaliyosalia, neno christianismos, yaani Ukristo. Na barua mojawapo yenye neno hilo iliandikwa kwa watu wa Magnesia, mji uleule aliopewa Themistokles. Basi mji mmoja ulimpokea mtu aliyekimbia -ismos moja, na baadaye ulipokea barua ya mtu aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya nyingine.

Kutoka kwa Wayunani mkia huu ulipita kwa Warumi, ukawa -ismus. Kanisa liliuchukua pamoja na ubatizo, baptismus, na Wafaransa wakaupokea, kisha Waingereza. Kwa muda mrefu maneno yake hayakuwa mengi. Tangu karne ya 16, watu wa Ulaya walipoanza kubishana sana juu ya dini, na baadaye juu ya serikali na mali, yakaongezeka kama uyoga baada ya mvua. Kila mwalimu mwenye wafuasi alipata mkia wake: Calvin, Darwin, Marx. Katika karne ya 17 Waingereza walianza hata kuukata mkia na kuutumia peke yake, wakisema "ism" kwa dharau, kama mtu asemaye "hayo mafundisho yenu".

Madaktari nao wakauchukua. Mwaka 1849 daktari wa Uswidi, Magnus Huss, aliwaandama wagonjwa walioharibiwa na pombe kali, akauita ugonjwa wao "alcoholismus". Kwa hiyo leo katika Kiingereza sakramenti, ugonjwa wa viungo, mafundisho ya siasa na nguvu ya sumaku vyote vina mkia mmoja. Mkia haukwambii kama kitu ni kizuri au kibaya, wala kama ni tendo, wazo au maradhi. Mtu anayetishika kwa kuusikia tu ni sawa na mtu anayetishwa na mkia wa mnyama ulio nje ya kichaka kabla hajajua kama ni chui au mbuzi.

Nitatoa mifano miwili zaidi, mmoja wa kutuonya na mmoja wa kututia moyo.

Wavandali walikuwa taifa la watu wa Kijerumani waliohama wakavuka bahari hadi Afrika ya Kaskazini. Waliuteka mji wa Karthago mwaka 439, katika nchi ya Tunisia ya leo, wakatawala huko mpaka mwaka 534. Mwaka 455 waliuteka Roma wakauteka nyara. Miaka zaidi ya elfu moja ikapita. Mwaka 1794, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, watu walikuwa wakivunja sanamu, wakichoma vitabu na kubomoa majengo ya kale. Henri Grégoire, askofu na mbunge, mtu aliyepigania pia kukomeshwa kwa utumwa, alitoa taarifa bungeni dhidi ya uharibifu ule, na akauita "vandalisme". Nia yake ilikuwa njema, na baadaye alieleza kwamba aliunda neno ili aliue jambo lenyewe. Vitu vingi vilitunzwa kwa juhudi zake. Lakini taifa zima, lililokuwa limekwisha kutoweka na lisiloweza kujitetea, likageuzwa jina la kosa. Wagothi walikuwa wameuteka mji huohuo wa Roma mwaka 410, nao hawakupewa jina la kosa hilo. Leo mtoto wa London akivunja kioo cha kituo cha basi, gazeti hutaja Wavandali. Watu waliovunja sanamu mwaka 1794 walikuwa Wafaransa.

Hili ndilo onyo: mkia huu waweza kuchukua jina la watu ukawaacha watendaji halisi nje ya sentensi.

Mfano wa pili ni wa kututia moyo. Kiitalia kina neno nipote, maana yake mpwa au mjukuu. Kwa muda mrefu Mapapa wengi waliwapa watoto wa ndugu zao vyeo na mali za Kanisa, na ikawa desturi hata kuwa na kardinali aliye mpwa. Watu wa Roma wakaiita desturi hiyo nipotismo. Neno hili halikumwonea mtu, kwa maana lilieleza tendo lilivyo: mkubwa ampa mpwa wake cheo. Mwaka 1692 Papa Innocent wa Kumi na Mbili alitoa amri ya kukataza desturi ile. Siwezi kusema kwamba neno peke yake lilileta amri, lakini nasema kwamba jambo lisilo na jina ni vigumu kulikataza. Kabla ya kupata jina, ilionekana kuwa ni wema wa mtu kwa jamaa zake tu.

Sasa niwarudishe nyumbani. Kiswahili hakina mkia huu. Sisi twaanzia kichwani. Herufi moja, u-, hufanya kazi ya -ism: Ukristo, ukoloni, ubepari, ukabila. Hata tulipochukua neno "ukomunisti" hatukuchukua mkia wa -ism. Tulimchukua mtu, mkomunisti, tukamvika u-. Na ubeberu tuliupata zizini, kwa kuwa beberu ni dume la mbuzi, na kila aliyechunga mbuzi ajua jinsi dume anavyowasukuma wengine kwenye majani.

Lakini u- yetu ni pana kuliko -ism. Twasema utoto, uzuri, uvivu, uwongo. Hutaja hata nchi: jina la nchi yetu Uganda lilitokana na Kiswahili cha wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa wakiitaja hivyo nchi ambayo wenyewe Waganda huiita Buganda. Kwa sababu hiyo u- nayo haisifu wala kulaumu. Chukueni maneno mawili, jamaa na kabila. Yote mawili yalitoka Kiarabu, yote mawili yataja watu wanaohesabiana kuwa pamoja. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika kijitabu juu ya ujamaa, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likaufanya kuwa njia ya Tanzania. Ujamaa ukawa neno la kujengea taifa, na ukabila ukawa neno la kulivunjia. Herufi ya kwanza ni moja. Tofauti yote iko katika yale watu wanayoyatenda chini ya jina.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji watasema: "Wewe wataka kutunyang'anya neno la lazima. Ukabila upo." Nakubali kwamba upo. Mwaka 1994 katika nchi jirani ya Rwanda, Watutsi waliwindwa na kuuawa kwa sababu ya kuzaliwa kwao Watutsi, na watu wengine waliokataa mauaji hayo waliuawa pia. Mtu asiyetaka kuwa na jina la uovu kama huo ni mpumbavu. Lakini kwa sababu hiyohiyo nasema neno hili lisitumiwe kama jiwe la kumpiga mdogo katika mdahalo. Kisu cha kuchinjia hakikatiwi kuni. Kikikatiwa kuni, siku ya sikukuu hakitakata. Tukimwita mkabila kila mtu anayehesabu majina kwenye orodha, tutamwitaje yule anayezipanga orodha zenyewe kwa upendeleo?

Ushauri wangu ni mdogo, na ni ule niliojifunza kwa Wayunani. Kila unaposikia neno lenye mkia huu, au lenye u- yetu, lirudishe kwenye kitenzi chake. Uliza: nani alifanya nini, kwa nani, lini? Likiwa ni neno la kweli, kitenzi kitapatikana, na neno litazidi kuwa na nguvu, kama lilivyokuwa lile la mkubwa kumpa mpwa wake cheo. Likiwa ni kelele tu, halitapata kitenzi, na asemaye atanyamaza mwenyewe. Kama ningaliuliza maswali hayo Jumamosi ile, ningalisema: "Mwenzangu ahesabu majina ya zamu. Je, hesabu yake ni sahihi?" Na ningalilazimika kujibu: "Ndiyo."

Nilimtafuta yule mvulana. Alikuwa kisimani, maana zamu yake ilikuwa ni ya maji. Nilimwambia kwamba nimezisoma orodha, na kwamba alisema kweli. Alinitazama kitambo, kisha akanijibu kwa adabu, "Ahsante, kaka. Lakini uliniambia mbele ya watu, na sasa waniambia kisimani." Sikuwa na jibu. Nilichukua ndoo yake moja, tukapanda nayo, na njia nzima hatukuzungumza.

Basi nakuomba, Bwana Mhariri, uyachape maneno haya, kwa kuwa gazeti letu husomwa na wote waliopiga makofi siku ile. Nilikosa. Aidha nakiomba Chama cha Mdahalo kiweke sharti kwamba msemaji akimshtaki mwenzake kwa neno la namna hii, mwenyekiti amwulize papo hapo ataje tendo, na asipoweza, aliondoe neno lake. Nami niko tayari kuwa wa kwanza kusimama na kuliondoa la kwangu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita